Aliyeolewa na Mvua Hajashindwa

Salfeti, lile gunia la plastiki, haichaniki kwa mikono. Nawaambia mapema ili siku mkipandwa na hasira mbele za watu mchague kitu kingine. Mimi nilichagua salfeti. Nilimvua kichwani Editha, binti anayekaa kwangu, nikaishika huku na huku, nikavuta. Nikaikanyaga kwa mguu mmoja, nikavuta tena. Mwanangu Yusufu mgongoni akadhani tunacheza, akawa anacheka na kunipiga mabegani. Wanawake wote wa mwalo, pale ufukweni tunapoanikia dagaa, wananitazama. Haikutoka hata uzi.

"Weye Mama Yusufu," Mama Nuru, kiongozi wao, akasema, "si ulishastaafu? Umefuata nini kwenye harusi ya watu?"

Nilikuwa nimefuata dagaa wa mboga. Sufuria yangu ilikuwa pale chini, tupu.

"Nimekuja kuivunja," nikajibu.

Wakaangua kicheko. Hata Editha alicheka, na kicheko chake ndicho kilichoniuma kuliko vya wengine, maana macho yake yalikuwa yamejaa maji hadi kwenye ukingo. Nikaitupa ile salfeti ziwani. Upepo ukairudisha miguuni kwangu. Basi nikaiacha, nikamshika binti mkono, tukaondoka, na sufuria nikaisahau palepale.

Sasa nyie mabinti mnaoanza kazi ya kuanika, ambao mmesikia habari hiyo ikiwa na chumvi nyingi kuliko ng'onda, kaeni niwaeleze vizuri. Sikumpiga mtu. Sikumtukana mama wa mtu. Na sikupagawa.

Mimi nimeanika dagaa kwenye mwalo huo tangu nilipomaliza kidato cha nne mpaka nilipomzaa Yusufu. Wengine wakistaafu hufanyiwa sherehe wakapewa saa ya ukutani. Mimi nimestaafu kwa sababu mgongo umekataa kuinama siku nzima ukiwa na mtoto juu yake, na sasa napika uji na mandazi nyumbani Rusimbi. Sina mvi, na meno yangu yote yapo. Lakini mgongo wangu ni rika la bibi yangu, kwa hiyo mkinipa shikamoo mjue mnampa mgongo, nami nitaupokelea.

Kazi yenyewe mkiitazama kwa mbali mnaiona nyepesi. Vipe vinarudi asubuhi, ile mitumbwi miwili miwili iliyounganishwa kwa miti, vikiwa na dagaa wa usiku. Unanunua beseni zako, unatandaza kwenye kiwanja chako, jua linafanya kazi, wewe unakaa kupiga soga. Ndivyo nilivyodhani. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na kwa jinsi yalivyokuwa nilijua kalamu na mimi tumeachana. Nikajisemea, nimefeli kitabu, basi angalau hii sitafeli. Samaki amekwisha kufa, jua ni la bure, kuna nini hapo cha kufeli?

Wiki ya kwanza tu nilifeli kwa namna ambazo hata hazina majina.

Niliwamwaga kama maharage, rundo juu ya rundo, wa juu wakakauka na wa chini wakawa uji. Nikajifunza kutandaza kama mtu anayetandika shuka. Kesho yake nikawageuza mapema, miili ikaja na ufagio, vichwa vikabaki mchangani, na dagaa asiye na kichwa hata paka humwangalia mara mbili. Nikajifunza kusubiri mgongo wake ukakamae. Siku nyingine nikawakausha vizuri kabisa, weupe, wanang'aa kama vijiko vipya, nikafurahi nikawafunga kwenye gunia wakiwa bado na moto wa jua. Humo ndani wakatoka jasho. Nilipolifungua gunia, harufu ilitangulia kunisalimia.

Aliyenifundisha anaitwa Mama Feza. Wazee wake walivuka kutoka Kongo, yeye kazaliwa hapahapa Kasingirima, ila Kiswahili chake kina ng'ambo mpaka leo. Msidhani ni mama mmoja mtulivu mwenye hekima. Mama Feza ndiye mtu aliyeharibu dagaa wengi kuliko wote pale mwaloni, na kila mtu anakubali, yeye mwenyewe wa kwanza. Aliwahi kuanika juu ya mabati, akifikiri bati lina moto kuliko mchanga. Ni kweli lina moto. Dagaa waliungua upande mmoja kama chapati za bwana harusi anayepika kwa mara ya kwanza. Aliwahi kuwatia chumvi, akakosea kipimo, mnunuzi akaonja mmoja akaomba maji. Aliwahi kuwafukiza kwa moshi wa makaka ya mawese, yale maganda makavu ya chikichi, wakanuka taa ya chemli.

Lakini kila alipoharibu alifanya jambo moja ambalo sikuliona kwa mtu mwingine. Alichukua wachache katika wale walioharibika, akaketi nao, akawavunja mmoja mmoja. Ananusa, anatazama tumbo, anatazama mgongo. Halafu anaita watu.

"Kuyeni muone! Huyu ameanzia ku tumbo. Yule ameanzia ku kichwa. Nilikosea wapi?"

Siku ya kwanza nilidhani anajidhalilisha. Nikamwambia, "Mama, si uwatupe tu kabla watu hawajaona?"

Akaniangalia kama aliyemwona mtu anakojoa kisimani. "Niwatupe? Nimewalipia ada, mwanangu, alafu nitupe na somo?"

Hapo nikaanza kuvunja wangu. Nawaambia na nyie, mkiharibu, vunjeni muone. Na mkitaka kujua kama wamekauka msitazame rangi peke yake, rangi inadanganya. Shika konzi, kandamiza karibu na sikio. Wakinyamaza, waache juani. Wakilia kama majani makavu, kusanya, halafu waache wapoe kivulini kabla ya gunia. Hilo la kupoa nimelilipia mimi, nyie nawapa bure.

Sasa nije kwenye harusi.

Mvua zetu ni mbili. Ipo inayotoka ng'ambo, kwenye milima ya Kongo, unaiona inakuja juu ya maji kama mtu anayeburuta pazia. Hiyo ina adabu, inabisha hodi. Ya pili inatoka nyuma, juu ya vilima, wewe umeipa mgongo unatazama ziwa. Hiyo ndiyo iliyonioa. Wenzangu walikuwa wameshanusa upepo wakakusanya. Mimi nilikuwa nasuka nywele. Nikasikia tu tone moja kwenye utosi, palepale penye njia ya nywele, nikajua ndiyo ile.

Mwaloni kwetu mtu akinyeshewa peke yake, wanasema ameolewa na mvua. Unavalishwa salfeti kichwani kama shela, wanakuzungusha kutoka kwenye kiwanja chako mpaka kwenye mizani, wanapiga makopo, wanaimba:

"Mvua kaposa, mvua kalipa, mahari yake maji matupu!"

Mama Nuru ndiye anayeongoza. Ni mwenyekiti wa wanawake waanikaji, sauti yake ikitoka pale mwaloni na Ujiji wanageuka. Nilipozungushwa mimi alinishika kiuno akanichezesha, akaniambia sikioni, "Cheka, binti, ukilia wanaongeza beti." Nikacheka. Nikacheza mpaka vigelegele vikanizibua masikio. Na mimi baadaye niliwapigia wengine makopo, kwa sababu jamani, inachekesha. Mama mzima mwenye wajukuu anatembea na gunia kichwani kwa mwendo wa biarusi, usipocheka unaumwa.

Ila kuna vitu viwili nilichelewa kuviona, na ndivyo ninavyotaka mvione mapema.

Cha kwanza ni kwamba mvua ikitunyeshea wote, hakuna harusi. Tunaangaliana, tunasema masika hayo, tunakwenda nyumbani. Yaani dagaa wa mwalo mzima wameharibika na hakuna aliyeshindwa! Anayeitwa kashindwa ni yule aliyeharibikiwa akiwa peke yake. Na nani huharibikiwa peke yake? Mzembe mmoja anayesuka nywele, sawa, huyo ni mimi. Lakini mara nyingi ni yule aliyefanya kitu ambacho wengine hawakufanya. Mabati. Chumvi. Moshi. Mama Feza ameolewa na mvua na jua na jiko, tukawa tunamwita mke wa wengi.

Matokeo yake tukajifunza wote kufanya sawa na jirani. Kila masika tunapoteza dagaa kwa namna ileile, kwa pamoja, kwa amani kabisa.

Cha pili ni kuficha. Mwaka mmoja mnunuzi wa kutoka Dar alikuja na lori, akachagua magunia, kisha kitu kikamwambia amwage moja. Akalimwaga juu ya turubai mbele yetu. Juu walikuwa weupe wa kuchagua. Chini walikuwa wekundu, wamelowa, wanatembea kwa funza.

"Juu harusi, chini msiba," yule baba akasema. Akarudisha magunia yote, ya wote, akapanda lori lake.

Mama Nuru akasimama akauliza, "Nani?"

Kila mtu akatazama gunia la jirani. Akauliza tena, safari hii kwa Kiha, maana kwa Kiha hakuna utani. Tukainama kukusanya magunia. Sikujua aliyefanya na mpaka leo sijui. Ila nilijua kwa nini. Kuna mtu alinyeshewa, hakutaka shela, akawachimbia chini ya gunia. Kunyeshewa kwake kungekuwa hasara ya mtu mmoja. Kuficha kwake kukawa hasara ya mwalo. Na sisi tuliokuwa tunapiga makopo ndio tuliomfundisha kuficha. Nilifikiri hivyo siku hiyo, nikakaa kimya, nikaenda kupika. Kwa hiyo msiseme hasira yangu ni ya ghafla. Ilikuwa imeanikwa siku nyingi, imekauka, inalia kama majani.

Editha alikuja baada ya mimi kuacha. Ana miaka kumi na tisa, kwao ni Kagunga, huko juu karibu na Burundi, nami nilimpa chumba cha uani kwangu. Yeye huwa hanyamazi kabla hajauliza "kwa nini" mara mbili. Asubuhi unampa salamu ya Kiha, "mwakeye", badala ya kuitikia anakuuliza kwa nini mandazi ya leo yamevimba kuliko ya jana. Masika yalipoanza akauliza kwa nini tunakimbizana na mvua badala ya kuijengea nyumba. Akakusanya miti, akanunua nailoni nyeupe ile ya kupitisha mwanga, akajenga kibanda kirefu cha kimo cha kiuno kwenye kiwanja chake. Dagaa ndani, jua linapita, mvua haipiti.

Wanawake wakaja kutazama. "Hiki nini, Editha, chandarua cha dagaa? Wanaogopa malaria?"

"Ngojeni," akasema.

Wakangoja. Hewa haikuwa na pa kutokea. Jua lilipokolea, kibanda kikajaa mvuke, maji yakawa yanadondoka kutoka kwenye dari yake mwenyewe, na jioni alipofunua dagaa walikuwa wameiva. Kweli wameiva, ungeongeza nyanya ungekula na ugali. Mama Nuru alionja mmoja akasema, "Umesahau chumvi." Shela ikaletwa. Wakaimba ameolewa na jiko.

Usiku ule alikuja jikoni kwangu akicheka kikwelikweli. "Dada, nimejua kosa! Kinataka madirisha." Akachora kwa mkaa kwenye sakafu yangu, madirisha chini na madirisha juu, hewa iingie hapa itokee pale. Nilimwambia sakafu yangu si ubao, ila moyoni nilifurahi. Alikuwa anavunja dagaa wake, mnaelewa? Bila mtu kumfundisha.

Akajenga tena, na madirisha yake. Siku mbili kibanda kilikuwa kinafanya kazi. Nilikiona mwenyewe, nilitia mkono ndani nikasikia hewa inatembea, nikashika konzi nikakandamiza, walikuwa wanaanza kulia. Siku ya tatu upepo wa ng'ambo ukaingia kwenye madirisha yale ya chini, ukakosa subira ya kutafuta ya juu. Kibanda kikanyanyuka chote. Nilikuwa ndiyo nafika na sufuria yangu. Kilipita juu ya vichwa, kikagusa maji mara moja, kikaruka tena, kikaenda zake Kongo bila hata hati ya kusafiria. Dagaa walimwagika mchangani na ziwani, kunguru wakaitana.

Nami nilicheka, siwadanganyi. Mzee mmoja wa mtumbwi alipiga saluti.

Halafu shela ikaja, nyimbo zikaanza, na katikati ya wimbo Mama Nuru akasema lile neno: "Ya pili hiyo mwezi haujaisha. Kiwanja tunampa mwingine."

Maana ndiyo sheria. Ukiolewa mara mbili katika mwezi mmoja wa uvuvi, kiwanja chako kinaondoka mpaka masika yapite. Editha alikuwa bado anacheza. Nikaona miguu yake inasimama kabla uso wake haujaelewa. Hapo ndipo nilipoishika salfeti, na mengine mnayajua.

Jioni alikuwa anafunga mzigo. Hakulia. Ingekuwa heri angelia.

"Boti ya Kagunga ni Jumamosi," akasema. "Nitakwenda kulima na mama."

"Na kibanda?"

"Kibanda kipo Kongo, dada."

"Nauliza cha tatu."

Akakaza kamba kwa goti. "Mimi si mtu wa kujaribu. Ningeanika mchangani kama wenzangu ningenyeshewa nao, na kiwanja changu ningekuwa nacho."

Nimeshasikia mambo mengi ya kijinga maishani, mengine nimeyasema mwenyewe. Lakini hili halikuwa la kijinga, lilikuwa hesabu sahihi kabisa kwa sheria zetu. Hilo ndilo lililonitoa usingizi. Binti aliyekuwa anauliza kwa nini mandazi yamevimba, tulimfundisha kwa siku tatu kwamba kutojaribu kunalipa.

Kesho yake nikaenda kwa katibu wa kamati ya mwalo. Akanisikiliza huku anachokoa meno, akasema, "Mama Yusufu, mambo ya wanawake na nyimbo zao kamati haiingilii. Labda ulete kwa maandishi." Alisema "kwa maandishi" kama mtu anayefunga mlango taratibu. Alisahau kwamba matokeo yangu yalikuwa mabaya katika hesabu. Kiswahili nilipata B.

Nikaandika. Na kwa kuwa sipendi kumsema mtu kisogoni, barua niliipeleka kwanza kwa Mama Nuru. Nilimkuta anachambua mchele. Akavaa miwani, akasoma kwa midomo, taratibu, mpaka mwisho.

"Umeniandika vibaya," akasema.

"Nimekuandika ulivyo."

"Hapa umedanganya." Akaweka kidole. "Umesema ni desturi ya wazee. Si ya wazee. Niliianza mimi."

Nikakaa.

"Mama Feza alikuwa amenyeshewa," akasema, "na msiba alikuwa nao nyumbani, basi akakaa mchangani akalia kama mtoto. Sisi hatukujua la kumwambia. Nikachukua gunia nikamwekea kichwani, nikamwimbia harusi. Akacheka. Tulipomaliza kucheka tukamsaidia kukusanya, wote, kila mtu akamtolea beseni moja la kuanzia. Ndiyo ilikuwa harusi yenyewe. Kulikuwa na zawadi, mwanawanje. Harusi gani haina zawadi?"

"Na kiwanja?"

Akachambua mchele muda mrefu, nadhani hata mawe yalikuwa yameisha. "Hilo lilikuja baadaye. Kulikuwa na wavivu wawili watatu. Tukaona tuwatishe."

"Editha ni mvivu?"

"Huyo?" Akacheka yule mama, kile kicheko chake cha Ujiji yote. "Yule akipumzika anachoka."

"Basi tia sahihi."

"Wewe mtoto una wazimu. Mimi ndiye ninayelalamikiwa, nitatiaje sahihi? Peleka. Nikiitwa nitasema niliyokwambia." Nikiwa mlangoni akaniita. "Sufuria yako ninayo. Nimekuwekea dagaa. Weupe, usinitazame hivyo."

Nikarekebisha palipokuwa na uongo. Jumatano nikampa katibu mkononi, nikasimama mpaka akagonga muhuri wa kupokea. Jibu bado nalisubiri, ila nawasomea nakala yake kama ilivyo, ili siku mkihitaji kuandika yenu msianze kutafuta maneno.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mwalo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HARUSI YA MVUA NA KUNYANG'ANYWA KIWANJA KWA EDITHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Rusimbi, mwanikaji mstaafu wa mwalo huu. Nalalamika kwamba Editha amenyang'anywa kiwanja cha kuanikia kwa kosa la kuharibikiwa mara mbili katika mwezi mmoja. Hakulala, hakuiba, hakuchanganya dagaa wabovu chini ya gunia. Alijenga kibanda cha kukinga mvua, kikashindwa mbele ya watu wote saa ya mchana. Mwaloni hapa wapo walioharibikiwa mara nyingi kuliko yeye wakaficha, nao viwanja wanavyo.

Sisemi kibanda chake kitafaa. Sijui. Hata yeye hajui. Mara ya kwanza kilikosa hewa, mara ya pili kilizidiwa hewa, kwa hiyo jibu liko katikati ya hapo, na hakuna mtu mwingine hapa mwaloni aliyelikaribia kiasi hicho. Tukimfukuza sasa, hasara yote aliyoipata inakuwa ya bure, na masika yajayo tutanyeshewa wote kama kawaida yetu.

Naomba kamati ifanye haya. Imrudishie kiwanja. Ifute kanuni ya kumnyang'anya mtu kiwanja kwa sababu ameharibikiwa, ibaki kwa aliyeficha peke yake. Wimbo sikatazi, ni mzuri, lakini uimbwe kama ulivyoanza: watu wamsaidie kwanza aliyeharibikiwa kukusanya, wampe beseni la kuanzia, na dagaa walioharibika wavunjwe hadharani, tutazame wote walianzia wapi. Mwenyekiti wa wanawake anayo historia yake na yuko tayari kuieleza akiitwa.

Kuhusu salfeti, nakiri niliitupa ziwani. Ilirudi yenyewe.

Mwisho, naomba nisiambiwe jibu litatolewa kwenye kikao kijacho. Editha amefunga mzigo na uko mlangoni kwangu, nauruka kila nikitoka kumwaga maji. Boti ya Kagunga inaondoka Jumamosi asubuhi. Miti ya kibanda cha tatu nimeshanunua mimi na nimeileta pamoja na barua hii, imeegemezwa ukutani nje ya ofisi yenu. Naomba kamati itoke iione.

Wenu katika kazi,
Mama Yusufu.